Gunia Halina Masikio

Na Mwandishi Wetu, Naro Moru

Ndugu msomaji, ukiwa Mombasa, Malindi au Lamu, umekaa jioni ya Ramadhani na sahani ya viazi karai mbele yako, labda hujapata kujiuliza kile kiazi kilianzia wapi safari yake. Mimi niliiona safari hiyo ikianza; au tuseme kweli, niliiona ikikataa kuanza. Ilikuwa Naro Moru, mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Nyeri kwenda Nanyuki, pale ambapo Mlima Kenya huonekana asubuhi mapema, kisha ukajifunika mawingu kama bibi harusi. Wenyeji husema jina la mji lilitoka kwa Wamaasai, na maana yake ni mawe meusi.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025. Mwezi wa mlisho ulikuwa umeandama kiasi cha wiki moja tu, na tayari malori ya pwani yalikuwa yamepanda bara kutafuta shehena. Lori nililolipanda mimi lilikuwa na watu wawili: dereva, mtu mzima wa Majengo, na utingo wake, kijana wa Kisauni ambaye urefu wake ulimlazimu kuinama kila aingiapo mlangoni.

Mapatano ya viazi yalianza baada ya adhuhuri. Mkulima alitaka kila gunia lipimwe kwa mizani, kilo 50 na basi, kama kanuni za serikali za mwaka 2019 zinavyotaka. Dalali naye alitaka lumbesa, yaani lile gunia lililoongezewa kilemba juu likafura hata halifungiki. Dereva wetu alikuwa katikati.

"Mzee wangu," alisema, "mimi sina ugomvi na mizani. Lakini tajiri aliyenipa fedha amehesabu lumbesa."

"Basi, bwana dereva, mwambie tajiri wako aje alime yeye," akajibu mkulima.

Alasiri ikapita, magharibi ikaingia, baridi ikashuka kutoka mlimani, na magunia yakabaki yamepangwa pale pale chini ya turubai. Hakuna aliyesema ndiyo, wala hakuna aliyeondoka.

Tulipoingia mkahawani kunywa chai ndipo nilipoitazama vizuri fulana aliyoivaa yule utingo juu ya sweta. Ilikuwa ya mtumba, rangi ya buluu, yenye jina la Memphis kifuani. Nikamwuliza kama aijua timu hiyo. Akacheka.

"Ami, hii si ndiyo timu iliyomchukua Hasheem wa Dar? Leo saa tano usiku kule Marekani wanafunga soko la wachezaji wa kikapu. Nangoja nione nani atauzwa." Kisha akanyamaza kidogo, akauliza: "Lakini ami, mtu huuzwaje na yeye si mtumwa?"

Swali hilo si la kuchekwa, hasa kwetu sisi watu wa pwani ambao tunajua soko la watu lilikuwa nini. Nikaona linastahili jibu, na jibu lenyewe ndilo hili nikuleteealo, msomaji.

SI MTU, NI MKATABA

Katika ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ile iitwayo NBA, klabu hazinunuliani wachezaji kama klabu za soka zinavyofanya, kwa kutoa fungu la fedha na kumchukua mtu. Kwa kawaida hubadilishana. Klabu moja hutoa mkataba wa mchezaji wake, na ya pili hutoa mkataba wa mchezaji wake, au hutoa zamu yake ya kuchagua kijana chipukizi katika mwaka ujao. Kinachobadilisha mkono ni ile karatasi. Mshahara wa mchezaji haupungui hata senti moja, wala muda wa mkataba haubadiliki. Jana alikuwa akilipwa na huyu, leo analipwa na yule.

Kwa hivyo jibu la kwanza kwa kijana wetu ni kwamba mtu hakuuzwa. Walakini jibu hilo ni nusu tu. Maalim zetu walitufundisha chuoni kwamba biashara ni ridhaa ya pande mbili. Hapa pande zenye ridhaa ni klabu na klabu. Mchezaji, ambaye ndiye atakayefunga mizigo, akamtoa mtoto wake shuleni na kuhamia mji asioujua, kwa kawaida haulizwi. Ni wachache mno wenye kifungu katika mkataba kinachowapa haki ya kusema la.

Mfano ulikuwa mbichi siku ile tulipokuwa Naro Moru. Siku chache kabla, mwanzoni mwa mwezi ule ule, klabu ya Dallas ilimtoa Luka Dončić, mmoja wa wachezaji bora duniani, kwa klabu ya Los Angeles Lakers ili impate Anthony Davis. Wakuu wa klabu mbili walizungumza kwa siri, na Dončić mwenyewe alipata habari mambo yakiwa yamekwisha.

Mazungumzo hayo yanapokwama, mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi. Ya kwanza ni mizani. Kuna kikomo cha mishahara, na klabu iliyokivuka lazima ipokee mishahara inayokaribiana na ile inayoitoa. Huwezi kuweka ratili mbili upande huu na kumi upande ule. Ya pili ni saa. Kila Februari kuna siku ambayo soko hufungwa saa tisa ya alasiri kwa saa za New York, na hiyo kwetu ni saa tano ya usiku. Likishafungwa halifunguliwi tena mpaka msimu uishe. Ya tatu ni daktari, kwani mchezaji hupimwa, na akionekana na dosari biashara huweza kurudishwa. Ya nne ni ile tuijuayo sote sokoni: muuzaji anataka sana na mnunuzi anajua kwamba anataka sana. Mwaka 2023 Damian Lillard aliomba kuondoka Portland tarehe 1 Julai, akataka kwenda Miami na si pengine. Kiangazi kizima mambo yakasimama. Alipoondoka hatimaye, tarehe 27 Septemba, alipelekwa Milwaukee.

SIKU MOJA, BIASHARA MBILI

Sasa turudi kwa yule Hasheem wa kwenye fulana. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akajifunza kikapu akiwa kijana pale pale Dar, kisha akaenda Marekani kusoma na kuchezea Chuo Kikuu cha Connecticut. Urefu wake ni kiasi cha mita 2.21. Mwaka 2009 klabu zilipochagua vijana kwa zamu, klabu ya Memphis Grizzlies ilimchagua yeye, akiwa wa pili katika vijana wote wa mwaka ule. Alitanguliwa na Blake Griffin tu. Nyuma yake walikuja James Harden, aliyekuwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyekuwa wa saba. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, na kote Afrika Mashariki watu wasiojua hata sheria za kikapu walilijua jina lake.

Mambo hayakumnyookea. Katika msimu wake wa kwanza alishushwa kwa muda kwenye ligi ndogo. Na katika msimu wa pili, tarehe 24 Februari 2011, siku ya kufungwa soko, Memphis ilikaa kwenye biashara mbili kwa wakati mmoja.

Biashara ya kwanza ilikuwa na Houston Rockets. Memphis ilimtoa Hasheem, pamoja na DeMarre Carroll na zamu ya kuchagua chipukizi, ikampata Shane Battier, mlinzi mzoefu aliyepata kuichezea Memphis zamani, pamoja na Ish Smith. Biashara hiyo ilikamilika.

Ya pili ilikuwa na Indiana Pacers. Memphis ilikusudia kumtoa O. J. Mayo na kumpata Josh McRoberts pamoja na zamu ya chipukizi. Wakuu walikuwa wamekwisha kukubaliana. Lakini saa tisa ilipogonga, makubaliano yao hayajafika katika ofisi ya ligi kama sheria itakavyo. Dakika zikawapita, biashara ikafa mkononi. Mayo, ambaye kwa haki alikuwa ameshahesabiwa kuwa mtu wa Indiana, akabaki Memphis na wale wale waliotaka kumtoa.

Tazama basi, msomaji. Siku moja, klabu moja, vijana wawili. Mmoja mlango ulifunguka akatolewa. Wa pili mlango ulimfungia ndani. Wala hakuna hata mmoja aliyeushika ufunguo.

Ilivyotokea baadaye inafaa kukumbukwa. Miezi miwili haikutimia, Memphis ikaingia katika michezo ya mtoano ikiwa ya nane upande wake, ikakutana na San Antonio iliyokuwa ya kwanza. Katika mchezo wa kwanza alikuwa Battier huyo huyo aliyepiga mtupo wa alama tatu katika sekunde za mwisho ukaipa Memphis ushindi. Wakashinda mfululizo wote, na Mayo aliyebaki alikuwa pamoja nao. Klabu ilifaidika kwa biashara iliyokamilika, na haikudhurika kwa iliyokwama.

Ama Hasheem, huko Houston alipewa michezo isiyofika kumi katika misimu miwili. Machi 2012 akapelekwa Portland. Akaenda Oklahoma City, na huko alikaa misimu miwili. Agosti 2014 akapelekwa Philadelphia, ambao walimwacha baada ya siku chache bila kumchezesha hata mechi moja. Baadaye alicheza Japani na Taiwan. Watu wengi husema alishindwa, na kwa hesabu ya kikapu pengine wanayo haki. Lakini wanaohesabu vikapu wahesabu na viwanja vya ndege pia.

KAMISHNA AKASEMA LA

Hasheem alikuwa angali Houston ilipotokea biashara iliyokwama kwa kishindo kuliko zote. Ilikuwa tarehe 8 Desemba 2011. Klabu tatu zilikuwa zimepatana: New Orleans ingemtoa Chris Paul kwenda Lakers, Lakers ingempeleka Pau Gasol Houston na Lamar Odom New Orleans, na Houston ingewapeleka New Orleans wachezaji wake watatu, Kevin Martin, Luis Scola na Goran Dragić. Habari ilishatangazwa. Watu walishaanza kupigiana simu za kwaheri.

Lakini New Orleans wakati ule haikuwa na mwenyewe. Ligi yenyewe ndiyo iliyokuwa imeinunua mwaka mmoja kabla. Kwa hivyo kamishna wa ligi, David Stern, alikuwa hakimu na alikuwa pia msimamizi wa mali ya mmoja wa wenye kesi. Akasema la. Klabu zikarudi kikaoni, zikapunguza hapa na kuongeza pale, na baada ya siku mbili tatu Lakers wakajitoa. Tarehe 14 Desemba Chris Paul akapelekwa klabu nyingine ya mji ule ule wa Los Angeles, yaani Clippers.

Wengi wanamkumbuka Paul katika kisa hicho. Mimi namkumbuka Odom. Msimu uliotangulia alikuwa ametunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa akiba katika ligi nzima. Aliposikia kwamba Lakers wamekwisha kumtoa, aliumia sana. Na biashara ilipovunjwa, hakuweza kuvaa tena jezi yao kana kwamba hapakutokea kitu. Aliomba kuondoka, akapelekwa Dallas, na huko mchezo wake ulipotea hata wakaachana naye kabla msimu haujaisha. Martin, Scola na Dragić nao ilibidi wacheze msimu ule mzima chini ya mabwana waliokuwa wamewaweka mnadani.

Hapo ndipo tofauti ya viazi na binadamu. Gunia likikataliwa na mnunuzi hurudi ghalani, na kesho huuzwa kana kwamba ni jipya. Gunia halina masikio. Mchezaji amesikia bei yake, amesikia nani alikuwa tayari kumwachilia, na kesho asubuhi lazima amwamkie mtu huyo huyo na kupokea amri zake.

Usiku ule wa Naro Moru biashara nyingine ya namna hiyo ilikuwa njiani. Lakers walikuwa wamepatana na klabu ya Charlotte wampate Mark Williams, mtu mrefu wa chini ya kikapu, na kwa ajili yake wakamtoa kijana Dalton Knecht na mwenzake mmoja. Tarehe 8 Februari, soko likiwa limekwisha kufungwa, Lakers waliirudisha biashara yote, na habari ikawa kwamba Williams hakupita kwa daktari. Sisi tunajua kwamba mnunuzi akigundua dosari katika bidhaa ana haki ya kuirudisha, na hakuna anayemlaumu. Lakini Knecht alirudi Los Angeles kuwachezea wale wale waliompeana, na Williams akarudi Charlotte, dunia nzima ikijadili mwili wake.

NA HUKU KWETU

Huku kwetu kikapu hakijafika hapo. Wachezaji wa timu ya Bandari, KPA, ambao wenzetu wa Mombasa huwatazama katika ukumbi wa Makande, hawabadilishwi kwa karatasi. Mchezaji wetu huhama kwa ajili ya kazi, masomo au mkataba mpya, na huhama kwa miguu yake. Lakini fedha zinakuja. Ligi ya Afrika ya kikapu, BAL, ilianza Kigali mwaka 2021, na mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa timu ya kwanza ya Kenya kuingia humo. Yafaa tujiulize mapema tunataka desturi gani.

Katika soka tumekwisha kuonja. Feisal Salum, kijana wa Unguja ambaye mashabiki humwita Fei Toto, alitangaza Desemba 2022 kwamba anaondoka Yanga, akidai ametimiza masharti ya kuuvunja mkataba. Klabu ikasema angali wake. Shirikisho la soka la Tanzania likaamua kwamba klabu ina haki. Kijana hakurudi kucheza, na klabu haikumwachia. Nusu msimu ikapita, mchezaji mzuri akiwa nyumbani. Hatimaye hata Rais Samia Suluhu Hassan, alipowaalika Yanga kwa chakula Juni 2023, aliwaambia viongozi walimalize jambo lile. Siku chache baadaye wakapatana na Azam, naye akahamia huko.

Kisa hicho ni kinyume cha vile vya Marekani. Kule mchezaji hana kauli na klabu ndizo zinazosema. Hapa mchezaji alisema kwa nguvu zake zote na klabu ikaziba masikio. Lakini maumivu ni yale yale, ya mtu aliyesimama mlangoni bila kuwa ndani wala nje.

Haki lazima isemwe pia kwa upande wa pili. Wachezaji hawa wa Marekani hulipwa fedha ambazo mkulima wa Naro Moru hawezi kuziota. Mkataba waliutia sahihi wenyewe, wakijua kwamba unahamishika. Klabu nayo ina mashabiki, ina hesabu, na haiwezi kuomba ruhusa ya kila mtu kila inapotaka kujenga timu. Yote hayo ni kweli. Lakini mshahara mkubwa hununua kazi ya mtu. Haununui haki ya kumfanya awe wa mwisho kusikia habari zake mwenyewe. Kumwambia mapema hakugharimu kitu. Na biashara ikivunjika, kumwita na kusema naye uso kwa uso hakugharimu kitu pia.

ASUBUHI YA PILI

Tulilala Naro Moru. Saa tano ya usiku utingo alikuwa bado anaiangalia simu yake, mikono ndani ya mikono ya sweta, akinitajia majina ya waliohama.

Asubuhi, mlima ukiwa wazi kabisa, dereva na mkulima walikutana tena kwenye magunia. Dereva alikuwa amempigia simu tajiri wake usiku. Wakapatana kwa mizani, kilo 50 kwa kila gunia, bei ikashuka kidogo, na dalali akanung'unika akapokea ujira wake. Vijana wakaanza kupakia.

Tukiwa katika kupakia, alikuja dereva mwingine aliyekuwa akielekea Isiolo. Utingo wake alikuwa mgonjwa, amemwacha Karatina. Akamvuta dereva wetu kando.

"Yakhe, hebu niazime huyu kijana wako wiki moja. Nitakulipa wewe vizuri."

Dereva wetu akamwangalia, kisha akanyosha kidole juu ya lori, pale yule mrefu alipokuwa akipanga magunia na fulana yake ya Memphis.

"Huyo ana masikio yake," alisema. "Panda umuulize mwenyewe."

Yule bwana akapanda. Walizungumza kitambo kidogo. Kijana akatikisa kichwa, akashukuru kwa adabu, akasema mamake yuamngoja Kisauni. Dereva wa Isiolo akashuka, hakukasirika, akaenda zake kutafuta mtu mwingine. Adhuhuri haijafika, tulikuwa tumekwisha kuipita Nyeri, twateremka na shehena yetu kuelekea pwani.